Tupeane uzoefu: kupiga picha za mtaani bila kushtua watu, kompakti ya kidijitali au renjifainda?

Mchunguliaji
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaopiga picha sokoni, stendi, vibarazani na kwenye foleni, bila flashi wala lenzi ndefu. Tunalinganisha kompakti za kidijitali (kamera ndogo zenye lenzi isiyotolewa), akina Ricoh GR na Fujifilm X100, na renjifainda za filamu (kamera zinazopimia umbali kwa kulinganisha vivuli viwili): Leica M, Canonet, Yashica Electro, FED na Zorki. Sifa za dukani tuziache hukohuko. Leteni mpangilio wa kamera, vipimo na kinachoharibika.

Naanzisha hivi: mtu hashtuliwi sana na ukubwa wa kamera, anashtuliwa na muda inaokaa imenyanyuliwa. Ricoh GR III ina gramu 257 pamoja na betri na kadi, lakini ukiinyoosha mbele kwa mikono miwili huku unakodolea skrini, umeshajitangaza mtaa mzima. Leica M6 inapita nusu kilo, ila mwenye kuijua anakuwa ameshapanga mwanga na umbali kabla ya kuinyanyua. Anaiweka jichoni, anabonyeza, anaishusha. Anayebisha aanzie hapo.

SnapKariakoo
Nabisha. Kwa GR hulazimiki kutazama skrini hata kidogo. Weka fokasi (ukali wa picha) kwenye Snap, yaani umbali uliopangwa tayari, mita 2, f/5.6 (uwazi wa lenzi, namba ikipungua lenzi imefunguka zaidi), kasi ya shata, yaani pazia la kuruhusu mwanga, isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) ijipange yenyewe hadi 3200. Kwa lenzi yake ya milimita 18.3, hapo kila kitu kuanzia kama mita 1.2 hadi mita 6 kinatoka kikali cha kutosha. Ukifungua hadi f/2.8, ukanda huo unabana na kuwa mita 1.5 hadi 3 tu, kwa hiyo f/2.8 ni ya jioni.

Kisha washa Full Press Snap. Hapa ndipo wengi wanapokosea: ukibonyeza kitufe moja kwa moja hadi mwisho, kamera inatumia umbali uliouweka na kupiga papo hapo. Ukisitasita katikati ya kitufe, inadhani unataka fokasi yake ya kawaida, inaanza kutafuta, na mtu ameshapita. Kidole kishuke mara moja, bila woga.

Zima sauti zote, zima taa ya kusaidia fokasi, zima picha kujionyesha baada ya kupigwa. Ile taa ndogo ya mbele ikimmulika mtu usoni, habari ya kimyakimya imeisha. Shata yenyewe iko ndani ya lenzi na mlio wake haufiki kwa mtu wa pili penye kelele za daladala.

Kamera ikae kiganjani kwa kamba fupi ya mkononi, usawa wa kifua. Kwa pembe pana ya 28 (ndivyo lenzi hii ya 18.3 inavyoona ikilinganishwa na kamera ya filamu), kosa la kawaida ni kuinamisha: majengo yanaanguka nyuma na vichwa vinakatika. Mgongo wa kamera uwe wima kama ukuta.

FundiShata
Mdau hapo juu yuko sawa, ila alichoeleza ndicho watu wa renjifainda wamekuwa wakikifanya tangu zamani bila menyu. Renjifainda ina madirisha mawili mbele. Picha za madirisha hayo zinakutana katikati ya kidirisha cha kuchungulia kama kivuli pacha, unazungusha lenzi hadi vivuli vikalie pamoja. Ni sahihi sana, lakini mtaani ni polepole. Anayeijua hakai akilinganisha vivuli, anasoma mita zilizochongwa kwenye lenzi.

Lenzi ya milimita 35 kwa f/8, ukiiweka mita 2.5, inashika kuanzia kama 1.7 hadi karibu 5. Umbali jifunzeni kwa vitu vya mtaani. Bajaji ni kama mita 2.6 kwa urefu, mlango wa kawaida ni kama mita 2. Lenzi nyingi za aina hii zina kisukumio kidogo cha kidole chini yake. Kikielekea chini kabisa ni umbali fulani, kikienda pembeni ni umbali mwingine, na kila lenzi ina mahali pake. Ukishakariri, kidole kinapanga fokasi kamera ikiwa bado kiunoni. Kompakti nyingi haziwezi hilo, pete zao zinazunguka bila kikomo na hazina alama ya kushikika.

Faida nyingine: kidirisha cha renjifainda nyingi kinaonyesha mistari ya fremu (mipaka ya picha) pamoja na eneo la nje yake. Unamwona mtu akija kabla hajaingia. Na hakuna kioo cha kupanda na kushuka kama kwenye SLR (kamera za kuchungulia kupitia lenzi yenyewe), kwa hiyo mlio ni mdogo na huoni giza wakati wa kupiga.

Sasa mnaonunua za mitumba, kagueni haya:
- Zorki na FED: kasi igeuzwe baada ya kuvuta filamu, si kabla. Ukigeuza kabla unaweza kuharibu mtambo.
- Pazia za kitambaa: toa lenzi, fungua mgongo wa kamera, itege kwenye taa, tafuta vitobo. Vinatokana na jua. Lenzi iliyo wazi ikitazama jua inafanya kazi ya kioo cha kuchomea karatasi, na hapa kwetu jua la saa sita si la mchezo. Ukiitembeza shingoni, funika lenzi au igeuzie mwilini.
- Canonet QL17: iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35. Ukiweka alkalini ya 1.5 kipimo cha mwanga kinadanganya. Betri ya vifaa vya kusikilizia namba 675, volti 1.4, inakaribia zaidi, ila ni nyembamba, itafutie pete ya kuishikilia. Bila betri kabisa bado inapiga, ukipanga mwenyewe.
- Yashica Electro 35: bila betri inapiga kwa 1/500 tu. Kasi huchagui wewe, inachagua yenyewe.
- Vivuli pacha: lenga mnara wa simu wa mbali sana, lenzi ikiwa imezungushwa hadi alama ya mbali kabisa. Visipokaliana, kamera inahitaji kurekebishwa, na kimoja kikikaa juu ya kingine hilo ni rekebisho lake tofauti.

Ukungu wa lenzi ni suala la Pwani nzima. Mulika tochi ndogo kupitia lenzi: nyuzi kama utando wa buibui, achana nayo.

BintiMjiMkongwe
Naongeza mwanga, kwa sababu renjifainda nyingi za zamani kipimo chake kimekufa au hakikuwepo. Filamu ya ISO 400, jua kali: f/11 kwa 1/1000, au f/16 kwa 1/500. Canonet inaishia 1/500, kwa hiyo mchana mweupe na filamu ya 400 umebanwa kwenye f/16. Tumia ya 100, unapata f/8 kwa 1/500. Ndani ya uchochoro wa Mji Mkongwe, penye kivuli cha kuta ndefu, shuka kama stopu nne (kila stopu ni mwanga kupungua nusu): kwa filamu ya 400, f/5.6 kwa 1/250. Unapotoka kivulini kuingia juani badilisha ukiwa unatembea, si umeshafika mbele ya watu.

Usiku Forodhani ni hadithi nyingine. Taa za wauza urojo na mishikaki: kompakti kwa ISO 3200 na f/2.8 inakupa 1/60. Mwanga huohuo kwa filamu ya 400 na lenzi ya f/2 unakuachia 1/15, na watu wanatembea. Hapo filamu inashindwa, tusidanganyane. Lakini usiku pia ndipo skrini ya kompakti inapokuanika: uso wako unang'aa kama wa mtu anayechati. Punguza mwangaza wa skrini hadi mwisho, au tumia kidirisha. Kwenye X100 unacho cha kioo, chenye mistari ya fremu ndani yake. Kwa GR, chomeka cha nje cha 28 pale juu.

Mzee wa Filamu
Mkanda mweusi wa kubandika juu ya kromu (sehemu za kamera zinazong'aa): Henri Cartier-Bresson, mpiga picha wa Ufaransa, alifunika Leica yake hivyo. Walker Evans, mpiga picha wa Marekani, kwenye treni za chini ya ardhi za New York kati ya 1938 na 1941, alificha kamera ya Contax ndani ya koti na kuvuta waya wa shata kupitia mkono wa koti. Koti Dar es Salaam mwezi Februari litakutangaza kuliko kamera.

WakiliWaPicha
Samahani kwa kuingilia, vijana. Kimyakimya isiwe kisingizio. Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019, na Septemba 2023 mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wateja bila ridhaa yao. Tanzania sheria kama hiyo ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Kupiga ni jambo moja, kuchapisha kwa biashara ni jingine. Watoto, wagonjwa na wanaoswali muwaache. Kambi za jeshi, bandari na vituo vya polisi kamera ibaki mfukoni, iwe ya filamu au ya kidijitali. Mtu akikuona na kukataa kwa mkono, shusha, msalimie, pita. Mwenye kompakti anaweza kufuta mbele yake. Mwenye filamu hawezi, na akianza kueleza hilo mbele ya watu kumi, mjadala unakuwa mrefu.

Dogo Janja
Wakuu, kompakti yangu ina shata ya kielektroniki, haina mlio kabisa. Lakini ndani ya duka picha zinatoka na mistari myeusi ya kulala. Sensa (kipande kinachonasa picha) imekufa?

SnapKariakoo
Haijafa, dogo. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za mirija na LED za bei nafuu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki inasoma sensa mstari kwa mstari, inakuta mistari mingine ina mwanga na mingine haina. Shusha hadi 1/100 au 1/50. Na kwa bodaboda inayopita usiitumie, magurudumu yatatoka yamepinda. Rudi kwenye shata ya kawaida, ya kompakti yenye shata ndani ya lenzi haisikiki sana.

FundiShata
Na ukiona doa leusi lililofifia kila picha mahali palepale, hasa angani kwa f/11 na kuendelea, hilo ni vumbi. Lenzi inayochomoza na kurudi ndani inavuta hewa kila ukiwasha. Usiitupe mfukoni pamoja na sarafu na makombo ya karanga, ivishe kimfuko cha kitambaa kisichotoa nyuzi. GR haina lenzi ya kutoa, kusafisha sensa ni kufungua kamera nzima, kwa hiyo mpe fundi anayejua.