GnuCash imekuwa nzito, nafutaje miaka ya nyuma kwa mkupuo?

Mtunza Daftari
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, Chikongola. Tangu 2015 naandika hela yangu yote kwenye GnuCash, ile programu ya kutunza hesabu kwenye kompyuta: mshahara, korosho za shamba la Nanyamba, vocha, mpaka nauli ya bodaboda. Sasa imekuwa nzito mno. Kuifungua ni kusubiri, kuhifadhi ni kusubiri, nikiomba ripoti ndiyo inaganda kabisa. Nataka kufuta kila kitu cha kabla ya 2021. Njia ipi ya haraka? Nina haraka kidogo.

Mzee wa Ming'oko
Mshahara gani huo wenye miamala mpaka kompyuta inaelemewa? Wangu ukiingia, kesho yake hakuna cha kuandika.

Fundi wa Ligula
Usifute. Bila shaka faili lako ni la XML, ndivyo GnuCash inavyohifadhi usipoiambia vingine. Hapo kila ukihifadhi inaandika upya faili zima la tangu 2015, hata kama umeongeza vocha moja. Tena inajihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache, ndiyo maana inakuganda katikati ya kazi. Hifadhi kwa jina jipya, aina ya faili chagua SQLite, itaandika ulichogusa tu. Kufungua usitegemee nafuu kubwa, maana data zote bado zinapandishwa kwenye RAM. Ripoti ziwekee tarehe za mwaka mmoja mmoja. Faili lenyewe liko wapi?

Mtunza Daftari
Kwenye flashi.

Fundi wa Ligula
Flashi ya nini na laptop ina diski? Hapo tu umeshajichelewesha. Na kila ukihifadhi inaacha nakala ya zamani pembeni, angalia isije ikawa imejaa.

Mtunza Daftari
Usalama tu mkuu. Nisaidieni kufuta.

Kangomba Mstaafu
Flashi, haraka, kufuta miaka. Humo kuna mchepuko. Navuta kiti.

BintiMikindani
Marehemu babu aliandika wadaiwa wa duka lake kwa mkaa, nyuma ya mlango. Idi moja wajukuu tukapaka chokaa nyumba nzima, na mlango. Mtaa mzima ulikula sikukuu kwa furaha isipokuwa yeye. Kaka, humo ndani hamna hela ya mtu mwingine?

Mtunza Daftari
Sawa. Mimi ni mweka hazina wa kikoba, na hesabu za kikoba ziko humo humo. Kuna mama anadai hisa zake za 2019 hazikuhesabiwa kwenye mgao. Lakini kikoba tunakivunja kila Desemba, watu wanagawana na kusaini, kwa hiyo ya 2019 yalishaisha. Na nimeshaanza kufuta, ila kwenye nakala, msinishambulie. Picha ya ukurasa wa 2019 hiyo hapo mjionee hakuna kitu.

Mwalimu Masasi
Amana haifutwi. Muogope Mungu.

Fundi wa Ligula
Achana na dini kwanza, hata kihesabu haifai. Ukifuta miamala ya zamani, salio za leo zinavurugika zote. Na ile kazi ya kufunga vitabu iliyomo kwenye GnuCash haifuti muamala hata mmoja, inahamishia tu mapato na matumizi kwenye mtaji. Fungua faili jipya la kikoba peke yake, weka salio la kuanzia, la zamani libaki lilivyo.

Kangomba Mstaafu
Wakuu, hii ni chai. Kuzeni hiyo picha: "korosho, Mei 2019". Mnada unaanza Oktoba, nani kalipwa korosho mwezi wa tano? Mleta mada hana shamba, hana kikoba, pengine hana hata flashi.

BintiMikindani
Wewe ulikuwa wapi? Msimu ule wakulima waligomea bei za mnadani, serikali ikanunua kwa 3,300 kilo, likaja zoezi la uhakiki wa wenye korosho. Mwezi wa tano kuna watu walikuwa bado hawajaona hata mia.

Kangomba Mstaafu
Nilikuwa nimejificha. Uhakiki ule ulikuwa unatutafuta sisi wa kangomba, walanguzi wa korosho.

Mzee wa Ming'oko
😂😂 Jina lako tu linatosha kukushitaki.

BintiMikindani
Mtunza Daftari, sasa huoni? Kama na huyo mama hela yake ya korosho ilichelewa, hisa alinunua kwa kuchelewa. Usiangalie Januari mpaka Mei kama ulivyofanya kwenye picha, shuka mpaka Septemba.

Mtunza Daftari
Nimehamia SQLite, nimeliweka kwenye diski, kuhifadhi ni papo hapo. Huko chini sijashuka. Naona bora tuache, akisikia nimekuta kitu ataanza kudai na ya miaka mingine, namjua.

Fundi wa Ligula
Unamjuaje? Ni nani yako?

Mtunza Daftari
Mama mkwe.