Karata imeandikwa "ukijenga": ni mara moja au kila mara?

MlambaGarasa:
Wakuu, habari. Huu ni mwezi wa nane natengeneza mchezo wa karata, nimeuita Mnara. Karata 54, wachezaji 2 hadi 4, kila mtu anajenga ghorofa, atakayetangulia kufika ya saba ameshinda. Mchezo wenyewe mtamu (nasema mimi niliyeuzaa). Kilichonishinda ni maandishi. Jana nimewapa watu wanne ambao hawajawahi kuugusa, nikakaa pembeni kimya. Dakika kumi hazijaisha, ubishi umewaka, na kila mmoja anasoma karata ileile kwa sauti zaidi ya mwenzake kana kwamba kelele ndiyo ushahidi.

Karata tatu zilizoleta balaa, neno kwa neno (kulamba ni kuokota karata kwenye rundo):

FUNDI: Ukijenga ghorofa lamba karata 1.

MWIZI: Mpinzani aonyeshe karata zake na mchezaji achague moja aiweke mkononi mwake.

TETEMEKO: Tupa karata 2 na kila mchezaji apoteze ghorofa au karata yenye nyota.

Kwenye FUNDI, mmoja alijenga ghorofa mbili kwa zamu moja akalamba mbili. Jirani yake akasema ni moja tu. Kwenye TETEMEKO, aliyebakiwa na karata moja aliitupa hiyohiyo, akasema "nimetupa nilichonacho, haya bomoeni." Wakanigeukia mimi. Mwandishi mwenyewe sikuwa na jibu! Koma niziweke wapi?

babu_turufu:
Mnajisumbua bure. Karata ni mezani, watu wanaelewana. Wenye ule mchezo wa karata wa UNO mwaka 2019 walitangaza Twitter kwamba ukiwekewa +4 (karata ya kukuokotesha nne) huruhusiwi kujiokoa kwa kumrundikia anayefuata +2, unaokota nne zako na zamu inakupita. Nani aliyeacha kurundika?

ZamuYangu:
Babu, UNO inajulikana kila nyumba, ndiyo maana watu wana jeuri ya kuipinga. Mchezo wa huyu ndugu haujui mtu. Karata ikinyamaza, hakuna mkubwa wa kuuliza.

MlambaGarasa, kwenye TETEMEKO usitafute koma, tafuta nukta mbili. Magic, mchezo wa karata uliotoka 1993, inatumia nukta mbili (:) kwa kazi moja: kushoto kwake ni malipo, kulia ni unachopata. Hujalipa, hupati, kwa hiyo yule wa karata moja asingefungua mdomo. Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa karata, walipoyapanga upya maandishi yao mwaka 2011 waliongeza na nukta mkato (;). Kabla ya nukta mbili ni lini au kwa sharti gani unaruhusiwa, kati ya alama hizo mbili ni unachofanya palepale unapoitumia karata, kama kulipa au kuchagua mlengwa, na baada ya nukta mkato ni matokeo. Kwa mchezo wa karata 54 hiyo ya pili ni mzigo. Moja inakutosha, ila usiitumie kwa kitu kingine, hata kutangulizia orodha.

Na usione aibu. Karata moja ya majaribio ya Magic, kabla mchezo haujatoka, ilisema mpinzani "loses next turn". Richard Garfield, aliyeubuni mchezo huo, alimaanisha anakosa zamu inayofuata. Waliojaribu wakasoma kwamba zamu inayofuata anashindwa mchezo! Kwa Kiingereza kupoteza na kushindwa ni kitenzi kimoja. Sisi hapo tumenusurika.

koma_na_nukta:
Tumenusurika hapo, tukanaswa kwingine. Mimi kazi yangu ni kuhariri maelekezo ya kila aina, na karata hizi zina magonjwa ya Kiswahili chetu wenyewe. Hata ukizijaza koma hayaponi.

La kwanza ni -ki-. "Ukijenga" inabeba sharti (iwapo), wakati (pale) na mazoea (kila mara) kwa pamoja. Kwenye mazungumzo ni raha, kwenye karata ni ugomvi. Andika "Kila mara unapojenga ghorofa, lamba karata 1", au "Mara ya kwanza unapojenga ghorofa katika zamu yako, lamba karata 1". Uamuzi ni wako, lakini uamue. Nahisi jana hukuwa na jibu kwa sababu hujawahi kuamua. "Ukijenga" ilikuwa inakufichia.

La pili, -ake. "Mkononi mwake" ni mwa nani? Ndani ya MWIZI kuna watu wawili na wote ni "yeye". Aliyeicheza karata awe "wewe" mwanzo hadi mwisho, asigeuke "mchezaji" katikati ya njia: "Chagua mpinzani. Anakuonyesha karata zote za mkononi mwake. Chagua 1 kati ya hizo, iweke mkononi mwako." Sasa "mwake" imebaki na mtu mmoja wa kumwendea.

La tatu ndilo nilipendalo. "Ghorofa au karata yenye nyota": nyota inahusu zote mbili au karata peke yake? Ghorofa na karata ni ngeli moja, "yenye" inazipokea zote. Ungeandika "ukuta au karata yenye nyota" hakuna ambaye angebisha, maana ukuta ungedai "wenye". Ngeli inafanya kazi ya koma bila malipo, ukichagua majina ya vitu vyako kwa akili. Kama hutaki kubadili jina, geuza mpangilio: "karata 1 yenye nyota au ghorofa yoyote 1".

Halafu "kila mchezaji" na wewe umo?

MlambaGarasa:
Nimo. Ndiyo utamu wa karata, unabomoa na kwako.

Dada koma, umenishika: FUNDI kweli sikuwahi kuamua. Nimejaribu kila mara, mnara unapaa haraka mno, kwa hiyo ni mara ya kwanza kwa zamu. TETEMEKO sasa inasomeka: "Tupa karata 2: kila mchezaji, pamoja na wewe, anapoteza karata 1 yenye nyota au ghorofa yoyote 1." Imetoka mistari miwili hadi mitatu, nimepunguza picha ya nyufa kidogo. Nyingine zote nimezipitia, naona ziko salama. Mfano GHALA: "Mwisho wa zamu yako, lamba karata hadi 5."

ZamuYangu:
Nina karata 3 mkononi. Nalamba 2 zitimie tano, au nalamba ninavyotaka mradi nisizidi tano?

MlambaGarasa:
Aisee.

babu_turufu:
Zitimie tano. Andika hivyohivyo, "lamba mpaka uwe na karata 5 mkononi". Na mwenye saba tayari je, anatupa mbili?