The Exorcist: nilijiandaa kwa shetani, sindano ikanimaliza

Mtoto wa Himbi (Goma)
Bandugu, jana usiku njo mara ya kwanza naangalia The Exorcist, ile filme ya 1973 ya shetani kuingia ndani ya katoto ka kike. Rafiki wa karti (mtaa) aliniwekea kwa kle (flash) akasema hautalala, mi nikamucheka, juu nimekulia kwa vyumba vya maombi, bamama kuanguka na kupiga kelele mpaka asubuyi nimeona tangu niko mutoto, sasa katoto kazungu kakizungusha kichwa kataniogopesha na nini? Na kweli kichwa kilipozunguka nilicheka. Matapishi ya kijani, nilicheka tena.

Lakini kuna fasi badogteri banamulalisha kwa mashini, banamufunga, banamupaka dawa ya kusafisha shingoni polepole kabisa, kisha sindano inaingia na damu inaruka, na hakuna muziki, mashini tu inagonga gonga. Nikafunga laptop kidogo, mbele ya kuendelea mpaka mwisho. Mvua inapiga kwa mabati, mi nimekaa kwa giza nimeshika shingo yangu mwenyewe kama mujinga. Juu ya nini ile iniguse kuliko shetani? Na rafiki anasema binti anashuka ngazi mugongo chini kama buibui, mi sikuona, ao kopi yangu imekatwa?

Yaya wa Kadutu (Bukavu)
Haikukatwa, mdogo wangu. Ile ya 1973 iko saa mbili na dakika mbili, Friedkin, mwenye kuongoza filme, alitoa fasi ya buibui. Mwaka 2000 ikatoka ingine, imezidi dakika kama kumi, njo mule baliirudisha.

Juu ya sindano: pale Friedkin aliweka batu ba hopitali ba kweli bafanye kazi yao, angalia ile mikono, haisiti hata kidogo. Shetani yeye ni kazi ya sinema. Sauti yake ni ya mama mwengine kabisa, Mercedes McCambridge, alikuwa anameza mayai mabichi na kuvuta sigara ili koo likwaruze. Yale matapishi ni supu ya njegere 😂 Ile pumzi inatoka kama moshi tu njo ya kweli, chumba kilipozwa mpaka chini ya zero na Linda Blair, ule anacheza binti, maskini yuko na kanguo ka kulala.

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)
Mi niliiangalia niko tayari mama, na kilichoniuma ni ile mama ya ule mutoto kuzunguka kwa badogteri. Banamupima hapa, banamupima pale, kila mara banasema ni ubongo, ni nerfu, mpaka bao benyewe njo banamushauri ajaribu padri. Na padri Karras naye ni dogteri wa akili, anabisha, anataka ushahidi, lazima waombe ruhusa kwa askofu. Filme imefika mbali kabisa kabla maombi yenyewe kuanza! Kwetu huku mutoto akikojoa kitandani mara mbili, ao baba akipoteza kazi, siku hiyo hiyo banasema muloji ni yeye. Kuna mutoto wa jirani balimufungia kwa chumba cha maombi siku tatu bila chakula, alikuwa na kifafa tu. Kwa hiyo weye unacheka kichwa kuzunguka, mi pale sikucheka.

Mtoto wa Himbi
Eh mama, umenikumbusha kitu. Kwa vile vyumba vya maombi watoto nao balikuwaka, balikalishwa pembeni. Sikuwahi kuuliza bana nini.

Kle nimeirudisha, nitatafuta ile ya 2000, na nitaangalia mchana mlango wazi. Rafiki anasema ako na ya pili pia.

Yaya wa Kadutu
Ya pili achana nayo, ya 1977. Friedkin hayumo, kuna padri anakuja mpaka Afrika kutafuta mutu wa nzige. Utacheka mpaka umeme ukatike.