Makomisyonere wa operesheni ya sura, muache kudanganya bamama zetu

Bandugu wa Lubumbashi na wa kwingine, nafungua huu uzi na hasira kabisa na siombi radhi. Hawa makomisyonere, wale wanaotafutia kliniki wateja, wanaopita WhatsApp na mapicha ya bamama kabla na nyuma, eti njoo Istanbul ukavute ngozi ya uso, wiki moja unarudi kazini, nani aliwaambia? Wiki moja ni ya kutoa nyuzi tu, zinatolewa kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, lakini kuvimba na alama za damu zinakaa wiki 2 mpaka 3, na ganzi ya mashavu na masikio inaweza kwenda miezi. Odio zote za yule bibi komisyonere aliyempeleka dada yangu nimezisikiliza tena, ni bei, hoteli, gari ya kukupokea, basi.

Yaya yangu, dada yangu mukubwa, ndiye alienda kule kuvuta uso. Ana presha, anakunywa dawa kila asubuhi. Sasa munganga yeyote wa hii kazi anajua hatari inayotokea sana ni damu kujikusanya chini ya ngozi, na inakuja zaidi ndani ya masaa 24 ya kwanza, na presha ikipanda ndiyo inaileta. Hakuna aliyemuuliza presha! Hakuna aliyemwambia aache aspirini mbele ya safari, ile inazidisha kutoka damu, na alikuwa anaikunywa juu ya maumivu ya magoti. Walimfunga bandeji, jioni ile ile wakamtoa kliniki wakamuweka hoteli na binti asiyejua Kifaransa wala Kiswahili.

Usiku shavu la kushoto likaanza kuvimba peke yake, la kulia liko sawa, la kushoto limekaza mpaka linang'aa, rangi ya bilinganya, maumivu yanapanda tu hata na vidonge. Ananitumia picha, mimi niko hapa Kamalondo, nifanye nini? Simu ya kliniki inaita tu. Bibi komisyonere ananijibu ni kawaida mama, aweke barafu.

Si kawaida!! Kuvimba pande zote mbili polepole, sawa, ile ni kawaida. Upande mmoja ukivimba haraka na kuuma, ni kurudi mezani usiku ule ule, wafungue watoe damu, juu ngozi iliyovutwa ikikaa na damu chini yake inakosa kulishwa, inakufa. Wao walimfungua asubuhi, na nyuma ya sikio ngozi ilishakuwa nyeusi. Halafu wakampandisha ndege ya kupitia Addis na uso umevimba bado, mutu ametoka kwa kisu anakaa masaa yote yale miguu haisogei, damu ikiganda mguuni nani atajibu?

Na msinianzishie ile ya kwa nini asikubali uzee wake. Ni pesa yake, aliitafuta sokoni miaka na miaka, anafanya nayo anachotaka. Aliyelipwa afanye kazi yake, ndiyo nasema.

Sasa hivi akicheka mdomo wa chini upande wa kushoto haushuki, kicheko kinaenda upande mmoja, akiona simu inataka kupiga picha anafunika na kitenge. Munganga wa hapa anasema mushipa wa neva ukiguswa tu bila kukatwa mara nyingi unarudi wenyewe kwa wiki au miezi, tunangojea. Ila kovu la nyuma ya sikio limeanza kupanda, na ngozi yetu sisi weusi inajulikana kwa ile. Yaya ana kovu la chanjo mukononi limepanda toka utoto, nene, linaonekana hata ukipita njiani. Walimpaka dawa ya kuua vidudu mule mule wakamchoma sindano, macho yalikuwa wapi?

Mama aliyekwisha toa avansi kwa hawa watu, uliza leo nani atakuangalia usiku wa kwanza, nani anafungua ukivimba saa nane za usiku, na kama unavuta sigara waambie, juu ngozi ya mwenye kuvuta inakufa upesi zaidi. Wakikujibu na emoji za maua, dai pesa yako.

Tunadai rapoti ya operesheni, wanasema yaya asaini kwanza karatasi kwamba hana malalamiko. Hasaini. Mwenye kujua munganga wa ngozi hapa mjini anayechoma sindano za kovu lililopanda, aniandikie inboksi, tunakuja hata kesho.