Mjadala: Asilimia 10 ya halmashauri ibaki mkopo mtupu, au sehemu iwe ruzuku?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Yote hiyo ni mikopo isiyo na riba. Mimi nasema kipande chake, hata kama ni moja tu kati ya hizo kumi, kiwe ruzuku kwa vikundi visivyouza kitu chochote.

Nina mfano wa hapa Mwanza mjini, upande wa Igogo kule juu kwenye mawe. Akina mama kumi na wanne wanapokezana kuwaogesha na kuwapikia wazee waliolala ndani. Mali zao ni mabeseni, daftari la kaunta na kiti kimoja cha magurudumu. Bajaji haifiki kule, kwa hiyo siku ya hospitali vijana wanambeba mzee mgongoni mpaka barabarani, ndipo kiti kinaanza kazi. Gurudumu la kushoto limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Daftari lenyewe ukilifungua unakuta: "Sabuni mche 1. Unga wa uji kilo 2. Nauli bibi wa juu 1,000." Wanachanga wenyewe.

Walipotaka kuomba fedha, jamaa anayeandika maandiko ya miradi kwa malipo aliwaambia: andikeni kuku wa mayai, la sivyo hampati. Sasa kuku wa nini? Wale wanajua kuogesha wagonjwa.

Wakala wa Mwaloni

Mkuu, nakuheshimu lakini hapana. Hela ya bure huku kwetu haina mwenyewe. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyohiyo baada ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuanika vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Kama fedha ya kudaiwa iliyeyuka, isiyodaiwa itafika hata mlango wa kata? Vikundi vya mfukoni vitaota kama gugumaji.

Mwanzisha mada

Unajijibu mwenyewe, mkuu. Iliyoyeyuka ilikuwa mikopo. Mtu wa kikundi hewa anafuata milioni nyingi za biashara. Laki tano za sabuni na kiti atazigombania wa nini?

Wakala wa Mwaloni

Mjini hapa laki tano inagombaniwa, usijidanganye.

Muuza dagaa, Kayenze

Shikamooni wakubwa zangu. Nyote mnaongea kama mtu anayelipwa mshahara. Sisi mwezi ukiwaka mitumbwi haitoki, maana taa haivuti dagaa kwenye mbalamwezi. Siku hizo mwalo mzima, pale mitumbwi inaposhushia dagaa, umelala, na rejesho halilali. Nimekopa, nimelipa, sikatai mkopo. Nikinunua karai langu la dagaa nikapata faida, nadaiwa kwa haki.

Ila kuna vitu havina mtu mmoja wa kudaiwa. Chukueni vichanja. Dagaa wakianikwa mchangani na mvua ikawakuta, wanaokotwa na mchanga wao, bei inakuwa ya chakula cha kuku. Kichanja cha nguzo na wavu kinawaokoa. Lakini pale mwaloni kila mtu ataanika, hata mgeni aliyeshuka leo kutoka Ukerewe. Nani akakope kwa jina lake ajenge kichanja cha wote? Hapo ndipo naiona ruzuku.

Mweka hazina

Naunga mkono ruzuku, lakini niwaonye. Kikundi chetu kiliwahi kupata milioni moja na nusu kutoka kwa mfadhili, simtaji. Masharti: kila shilingi iwe na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi ya madukani. Tulikuwa tunapika uji wa watoto. Kuni tunanunua kwa mama anayezibeba kichwani, risiti ya mashine atoe wapi? Ikabidi tuache kuni zake, tukanunue gesi mjini dukani, bei juu, ili tu tupate kikaratasi. Yule mama alikuwa na mjukuu kwenye uji uleule. Mpaka leo akinisalimia naangalia pembeni.

Nauli za kupeleka taarifa, kudurufu, picha za watoto wameshika vikombe (picha zilirudishwa, bango la mfadhili halionekani). Ruzuku ndogo inaandamana na makaratasi ya ruzuku kubwa.

Afisa maendeleo ya jamii, mstaafu

Wapendwa, sheria inasema mkopo. Madiwani hawawezi kuigeuza kuwa ruzuku kwa azimio lao, hiyo ni kazi ya Bunge. Mikopo iliporudi mwaka wa fedha 2024/25, kilichobadilika ni njia: halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kupitishia benki. Bado ni mkopo.

Lakini mapato ya ndani si hiyo asilimia 10 peke yake. Fedha zilizobaki zinapangwa kwenye bajeti, na mipango inaanzia mtaani, kwenye mikutano ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambako wananchi wanataja mahitaji yao. Nimeendesha mikutano hiyo miaka mingi. Watu wanaomba darasa, kalavati, zahanati. Sikumbuki mtu aliyesimama akaomba kiti cha magurudumu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti inaivishwa miezi mingi kabla. Wale akina mama wa Igogo wakatokee mapema.

Wakala wa Mwaloni

Hapo sawa, angalau kuna muhtasari na watu wamesikia. Na wapewe vitu, si fedha taslimu: kiti, wavu, sabuni.

Mwanzisha mada

Vitu navyo vina yake. Kiti kipya kitakuja, na nauli ya bibi bado ni 1,000 taslimu.

Wakala wa Mwaloni

Haya, na hiyo 1,000 nani ataikagua? Daftari la kaunta mtu anaandika anachotaka.

Mwanzisha mada

Panda mlima umuulize bibi mwenyewe kama Jumanne alipelekwa hospitali na kama aliogeshwa kabla. Anakumbuka vizuri sana, na atakulalamikia kwamba maji yalikuwa ya baridi.