Picha zangu za Mikumi zote zina ukungu: tatizo ni lenzi au ni mimi?

MwalimuKihonda

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Mwezi uliopita tuliwapeleka darasa la sita Hifadhi ya Mikumi. Nilibeba kamera yangu ya mtumba, Canon, na lenzi mbili: ile ndogo ya milimita 18-55, ya kupiga eneo pana, na ndefu ya 70-300, ya kuvuta vya mbali, niliyoidunduliza kwa miezi saba. Nilipiga picha 412. Jana usiku nimezipitia zote kwenye kompyuta, roho imeniuma.

Twiga nimempata mzima, pembe hadi kwato, lakini ukimkuza hana jicho, kuna doa tu. Nyati wanaonekana kama nimewapiga nikiwa ndani ya chandarua. Nyasi nyeupe, mbingu nyeupe. Na nilikuwa nimewaahidi watoto. Ukutani darasani tuna mchoro wa tembo uliotolewa fotokopi mara nyingi mpaka mkonga umefutika. Hawa watoto wanaishi mwendo wa saa mbili kutoka walipo tembo wenyewe, nikataka wawe na picha ya tembo wao.

Tuliingia getini saa 3 na nusu asubuhi, tukatoka saa 9 alasiri. Gari ni Kosta, madirisha tulifunga karibu muda wote kwa ajili ya mbung'o. Kamera niliiacha kwenye otomatiki. Fundi mmoja ameishika lenzi dakika mbili akasema vioo vimehama, anataka laki na nusu kuifungua. Nimpe?

Kijana_wa_Msamvu

Mwalimu, 300 ni fupi kwa mbugani. Iuze, ongezea hela, tafuta 150-600. Utahesabu kope za simba.

DerevaKaskazini

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Tafadhali usimpe fundi hiyo laki na nusu, na lenzi usiiuze. Nimeendesha wageni Serengeti, Ndutu na Tarangire miaka 19, na tatizo lako nimeliona kwa watu wenye lenzi za bei ya gari.

Hicho ulichopiga ni mazigazi. Yale maji ya uongo unayoyaona mbele barabarani wakati wa jua kali, ndiyo hayohayo yaliyo kati yako na twiga. Ardhi ikishika moto, hewa iliyo karibu nayo hupanda kwa mikupuo, ya moto na ya baridi zikichanganyika, na kila mkupuo unapinda mwanga kidogo. Macho yetu yamezoea, hayasumbuki. Lenzi ndefu inaukuza huo mpindo pamoja na mnyama. Ndiyo maana nampinga kijana wa Msamvu kwa nia njema: ukipeleka 600 saa 6 mchana kwenye tambarare ya Mkata, hapo ndani ya Mikumi, utapata mazigazi makubwa zaidi.

Februari moja Ndutu, wakati nyumbu wanazaa, nilikuwa na mgeni mwenye lenzi ya namna hiyo. Duma alilala kama mita 150 kutoka kwetu, jua la utosi. Mgeni alipiga zaidi ya saa nzima. Jioni hakuna hata moja iliyofaa. Kesho yake saa 1 asubuhi tukamkuta duma yuleyule mita 25 kutoka njiani, mke wa mgeni akampiga picha kwa kamera ndogo ya mfukoni, na hiyo ndiyo waliyoitundika sebuleni kwao. Walinitumia picha ya ukuta.

Fanya mambo mawili kabla ya kutoa hata shilingi. Kwanza, panga picha zako kwa saa ulizopiga. Tazama za nusu saa ya kwanza, kisha za saa 7 mchana. Pili, bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama mita tano, asubuhi kivulini, kamera juu ya meza, upige kwa 200 halafu kwa 300. Herufi zikisomeka, vioo havijahama. Kama mbele ya lenzi kuna ile filta ya kukinga, piga nayo kisha uitoe upige tena. Za bei rahisi zinaharibu sana kwenye lenzi ndefu.

Kioo cha Kosta nacho ni adui. Kina vumbi, kimepinda, na wewe unapiga kwa mshazari. Mbung'o nawajua, wanauma kupitia shati, lakini fungua dirisha wakati wa kupiga tu, ufunge. Mwombe dereva azime injini. Asipozima, mtetemo unaingia mpaka mkononi. Mwombe pia watu watulie, kwa watoto najua si rahisi.

Shona mfuko wa kitenge, tia mchele kilo mbili, uweke kwenye ukingo wa dirisha, ulaze lenzi juu. Unashinda tripodi ndani ya gari. Zungusha kisahani cha kamera kwenye Tv, pale unapochagua mwenyewe kasi ya kupiga, weka 1/1000 ya sekunde kwa mnyama anayetembea, 1/500 akisimama, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iachie ijipange. Kwa jicho la mnyama, chagua nukta moja ya fokasi, uiweke kwenye jicho. Otomatiki hushika majani yaliyo mbele, kwa sababu yako karibu.

Na lala Mikumi mjini. Hili ndilo kubwa. Julai jua hutoka kama saa 12 na dakika 40, nanyi muwe getini saa 12. Huku kwetu jua hupanda wima, mwanga ule wa dhahabu hauzidi saa moja. Ukiingia saa 3 na nusu umekuta wenzako wamekula, wameosha vyombo.

MamaMivumo

Naunga mkono kaka hapo juu, ila nina langu. Mwalimu, hiyo 18-55 uliitoa kwenye begi? Nahisi hukuitoa.

Watu wakifika mbugani wanavuta mnyama mpaka ajae fremu, kisha ukiitazama picha hujui kama ni Mikumi au bustani ya wanyama ya Ulaya. Mkata ina vitu vyake. Ina mivumo, ile miti mirefu yenye tumbo katikati ya shina, ambayo pia huitwa mikumi, na hata jina la Mikumi limetokana nayo. Upande mmoja una Uluguru, safu ambayo watoto wako wanaiona kila siku wakitoka darasani. Mweke tembo mdogo chini ya mlima huo, mtoto ataujua mlima kwanza, halafu atamwona tembo. Mimi picha ninayoipenda kuliko zote nimeipiga kwa 24: pofu sita kwenye mstari, wadogo kama punje za mtama, na wingu la mvua limeukalia mlima mzima.

Kwa mandhari, miezi ina maana. Wakati wa masika hewa ni safi kabisa, siku inayofuata mvua unaona mikunjo ya mlima, lakini udongo mweusi wa Mkata utaifunga Kosta mpaka mvutwe. Kuanzia Agosti njia ni kavu, ila vumbi na moshi wa nyasi vinaufuta mlima. Mimi huenda mwisho wa Juni. Nyasi zimeanza kuwa njano na mlima bado upo.

Jambo dogo: usibadilishe lenzi gari likitembea. Subiri lisimame, jifunike khanga, geuza kamera itazame chini.

MwalimuKihonda

Dereva, Mama, Mungu awabariki. Nimefanya jaribio la gazeti leo saa 1 kabla ya kengele. Kwa 200 nasoma hadi matangazo ya vifo. Kwa 300 herufi zimelainika kidogo, nilipotoa filta zikakaza. Kwa hiyo vioo viko mahali pake.

Halafu nimepanga picha kwa saa. Namba 37, saa 3 na dakika 52, tembo jike na ndama kando ya njia, karibu kiasi kwamba nilipunguza mpaka 70. Dirisha lilikuwa wazi, mbung'o hawajaanza. Zinaonekana kope! Udongo uliokauka kwenye paji la uso, hata nywele za mkia wa ndama. Nilikuwa nimeiruka kwa sababu sikio la mama limekatwa na ukingo wa picha.

Mama, umenibaini, 18-55 ilibaki kwenye begi.

DerevaKaskazini

Nimefurahi mwalimu. Hiyo 37 usiikate zaidi, sikio liache lilivyo. Ukiichapisha nzima itafika A3 bila kupasuka. Waambie wakupe karatasi isiyong'aa, maana darasani mwanga wa dirishani utawazuia waliokaa pembeni kuona. Na uitundike chini, usawa wa macho ya watoto. Nimeona shule wanaweka picha juu karibu na dari, mtoto hawezi kusogea akazihesabu hizo kope.