Naomba ushauri: inveta moja ikizima, zote zinafuata

Wakuu, habari zenu. Nipo Tanga, nahifadhi samaki wa wavuvi kwenye friza sita za sola, inveta tatu (vifaa vya kugeuza umeme wa sola uweze kuendesha friza) zikigawana mzigo. Juzi usiku moja ilizima kwa joto. Mzigo wake ukahamia kwa mbili zilizobaki. Ya pili ikapiga mlio mrefu, ikakata, na ya tatu ikafuata papo hapo. Asubuhi changu na kolekole wameshalegea, maji mekundu yanachuruzika sakafuni. Samaki wa watu! Roho iliniuma sana.

Ndivyo ilivyokuwa Marekani na Kanada Agosti 14, 2003: nyaya za Ohio ziligusa miti, zikazimika, mzigo ukazielemea nyingine, watu kama milioni 50 wakakosa umeme. Gridi, yaani mtandao mkubwa wa umeme, hujinusuru kwa kukata baadhi ya wateja mapema.

Nami nataka friza mbili zijizime mara inveta moja ikiondoka, kisha ziwake kwa kupokezana, maana kompresa (mota ya friza) ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Fundi anasema ninunue inveta ya nne tu. Naona hiyo ni kuahirisha tatizo.

Aliyewahi kufunga mfumo huu anisaidie: relei (swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe) isome voltaji au ampea?